Mwalimu Fabre na Vunjajungu

Watoto wa Dodoma, wa Mpwapwa, wa Kondoa na wa Manyoni wote wamjua vunjajungu. Mvua zinapoanza kunyesha katika nyanda za Ugogo, mwaka ukielekea mwisho, na majani yakachipuka mahali palipokuwa na vumbi tupu, mdudu huyo huonekana juu ya kijiti. Mwili wake ni mwembamba, wa kijani au wa rangi ya majani makavu, na mikono yake ya mbele ameikunja kifuani kama mtu asaliye. Hana haraka ya kukimbia. Hugeuza kichwa chake chenye pembe tatu na kumtazama mtu, jambo ambalo wadudu wachache tu waweza kulifanya. Jina lake lina sababu. Yasemekana kwamba mtu akimgusa mdudu huyu, chombo cha kwanza atakachokishika baadaye kitamponyoka na kuvunjika. Kwa hiyo wengi humwogopa, wengine humwua, na wachache sana wamepata kukaa naye hata saa moja na kumwangalia.

Alikuwako mwalimu mmoja wa shule, Mfaransa, aliyekaa naye siku nyingi na majira mengi. Alimfuga nyumbani mwake, akamlisha kila siku, akaandika yale aliyoyaona. Jina lake lilikuwa Jean-Henri Fabre, na maisha yake ni haya.

Fabre alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka wa 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa maskini, na chakula nyumbani kilikuwa haba. Basi alipokuwa mtoto mdogo walimpeleka kukaa kwa babu na bibi yake, wakulima wa milimani waliofuga ng'ombe na kondoo. Huko siku moja alijiuliza kama jua analiona kwa macho au kwa kinywa. Akafumba macho, akafunua kinywa, na jua likatoweka. Akafunga kinywa, akafumbua macho, na jua likarudi. Jioni aliwaeleza watu wa nyumbani habari hiyo kwa furaha, nao wakamcheka. Lakini mtoto yule alikuwa ameanza kazi atakayoifanya mpaka uzee wake, yaani kuuliza jambo, kisha kulijaribu yeye mwenyewe.

Alipofika umri wa miaka saba alirudishwa kwa wazazi wake ili aanze shule. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja, na chumba hicho ndicho kilichokuwa pia jiko na mahali pa kulala pa mwalimu. Kuku waliingia, na vifaranga vya nguruwe navyo viliingia. Baada ya masomo Fabre alikuwa na kazi ya kuwachunga bata wa nyumbani kwenye kidimbwi. Bata walipokuwa majini, yeye alitazama vidudu vya kwenye majani na kuokota mawe yenye kung'aa. Jioni alirudi na mifuko ya nguo imejaa mawe na imetatuka. Wazazi wake walimkaripia, kwa maana watu maskini hawana nguo za kuchezea, naye akayatupa mawe yake huku analia.

Baba yake alijaribu biashara katika mji huu na mji ule, na kila mahali alishindwa. Mwisho jamaa wakatawanyika, na kijana akalazimika kujitafutia mkate wake mwenyewe. Aliuza ndimu kwenye gulio la mji wa Beaucaire. Alifanya kazi ya kibarua katika ujenzi wa reli, kama walivyofanya vijana wengi wa Ugogo reli ya kutoka Dar es Salaam ilipopita katika nchi yao. Kuna siku alizolala na njaa. Walakini hakuacha kusoma. Kukatokea mtihani wa kuingia bure katika chuo cha kufundishia walimu mjini Avignon, chuo cha namna ya kile cha Mpwapwa. Fabre akaufanya mtihani, akashinda, na mwaka wa 1842 akapata cheti chake cha ualimu. Alikuwa hajatimiza miaka kumi na tisa.

Akapewa kazi katika mji wa Carpentras kwa mshahara wa faranga 700 kwa mwaka, fedha ambazo hazikumtosha hata mtu mmoja kwa raha. Siku moja aliwatoa wanafunzi wake nje, kwenye uwanda wenye mawe, awafundishe kupima ardhi. Akaona kwamba kila amtumaye mbali na fimbo ya kupimia huinama njiani, akaokota kitu, akakawia. Mwalimu mwingine angewapiga. Fabre alikwenda kuangalia, akakuta kwamba wanafunzi wanafyonza asali kwa mabua kutoka katika viota vya udongo vilivyojengwa juu ya mawe na nyuki wa porini. Naye akainama pamoja nao, akaonja asali, akamtazama yule nyuki kwa mshangao. Kisha akaenda dukani akanunua kitabu kikubwa cha habari za wadudu, na bei yake ilikuwa sawa na mshahara wake wa mwezi mzima. Mwezi ule alikula kwa shida, lakini kitabu alikimaliza chote.

Tangu hapo alifundisha miaka mingi, kwanza katika kisiwa cha Corsica, kisha katika shule kubwa ya Avignon. Saa zake za mapumziko alizitumia kutazama wadudu. Mwaka wa 1854 alisoma maandiko ya daktari mmoja mwenye sifa, Léon Dufour, juu ya nyigu awawekaye mbawakawa katika shimo lake ili wawe chakula cha watoto wake. Mbawakawa wale hawaozi kwa muda mrefu, na daktari alidhani kwamba nyigu huwaua na kuwatia dawa ya kuzuia uozo. Fabre hakubishana naye kwa maneno tu. Alilala kifudifudi karibu na mashimo ya nyigu, siku baada ya siku, katika jua kali. Akaona kwamba mbawakawa hawakufa. Nyigu alikuwa amewachoma mahali pamoja hasa, nao wakapooza, wakawa hai lakini hawawezi kutembea. Hivyo mwalimu maskini asiye na chombo chochote cha thamani alimsahihisha mtu mkubwa, kwa sababu alingoja na kutazama. Hata Charles Darwin, Mwingereza mashuhuri, alimsifu katika kitabu chake kwa uhodari wa macho yake, ijapokuwa Fabre hakukubali mafundisho ya Darwin maisha yake yote.

Sifa zilikuja, lakini taabu nazo zilikuja. Mwaka wa 1868 Waziri wa Elimu, Victor Duruy, aliyempenda, alimwita Paris akapewa nishani, akapelekwa mbele ya Kaisari Napoleon wa Tatu. Akarudi kwake Avignon maskini vilevile. Alikuwa akitoa masomo ya bure wakati wa jioni, na wasichana nao waliruhusiwa kuja. Mara alipowaeleza namna ua linavyopata mbegu, watu wakubwa wa mji wakanung'unika kwamba mambo hayo si ya kusikiwa na wasichana. Fitina ikaenea. Mwaka wa 1870 akapoteza kazi yake, na wenye nyumba aliyopanga wakamwambia ahame pamoja na mke na watoto. Hakuwa na akiba. Rafiki yake mmoja, Mwingereza aitwaye John Stuart Mill, aliyekaa karibu na Avignon, alimkopesha faranga 3,000 bila kumdai hati yoyote. Fabre alizilipa zote.

Akahamia mji wa Orange, na kwa muda wa miaka minane au tisa aliishi kwa kalamu yake. Aliandika vitabu vingi vya shule, juu ya nyota, mimea, wanyama na kazi za nyumbani, akiandika mchana na usiku ili watoto wapate chakula. Mwaka wa 1877 msiba ukamfika. Mwanawe Jules, kijana wa miaka kumi na sita aliyependa wadudu kama babaye na aliyekuwa macho yake ya pili porini, akafa. Fabre alikaribia kufa naye kwa huzuni. Baadaye baadhi ya nyigu aliowaona kuwa wageni kwa wataalamu aliwapa jina la mwana huyo, ili lisipotee.

Mwaka wa 1879 alipata jambo alilolitamani kwa miaka arobaini. Alinunua nyumba pamoja na kipande cha ardhi karibu na kijiji cha Sérignan. Ardhi yenyewe ilikuwa ya mawe na miiba, imeungua kwa jua, isiyofaa kwa kilimo. Watu wa nchi ile huiita ardhi ya namna hiyo harmas. Mkulima angeipita bila kugeuka. Kwa Fabre ilikuwa kama hazina, kwa kuwa nyuki, nyigu, panzi na buibui walijaa pale. Akaizungushia ukuta, akaingia ndani, na katika miaka thelathini na sita iliyobaki ya maisha yake hakutoka sana. Mwaka ule ule kilitoka kitabu cha kwanza kati ya vitabu vyake kumi vya habari za wadudu, na cha mwisho kilitoka mwaka wa 1907.

Katika pori hilo alikaa yule mdudu wetu, vunjajungu. Wakulima wa huko nao walikuwa na jina lao kwa ajili yake. Walimwita mwomba Mungu, kwa sababu ya mikono ile iliyokunjwa. Fabre alikuwa karibu na umri wa miaka sabini alipoamua kumfuga ili amjue kwa kweli.

Vyombo vyake vilikuwa vya jikoni. Alichukua makawa ya waya, kama yale ya kufunikia nyama isiguswe na nzi, akayafunika juu ya vyungu vipana vilivyojaa mchanga. Basi mdudu tumwitaye vunjajungu alikaa juu ya chungu! Ndani ya kila kawa aliweka kichaka kidogo kikavu cha kupandia, na jiwe bapa ambalo jike angeweza kutagia mayai. Makawa aliyapanga juu ya meza kubwa mahali palipopata jua sehemu kubwa ya mchana, kwa maana mdudu huyu hupenda joto.

Kazi kubwa ilikuwa chakula. Vunjajungu hali jani wala kitu kilichokufa. Hutaka windo lililo hai, tena kila siku, na tena kwa wingi. Hapo mzee akawaita watoto wa jirani, akawapa mshahara wa vipande vya mkate na vya tikiti. Asubuhi na jioni walikwenda majanini, wakarudi na vikapu vyao vidogo vimejaa panzi. Yeye mwenyewe alichukua wavu akaenda kutafuta windo kubwa zaidi, kusudi aone nguvu za wafungwa wake zinafika wapi.

Akaona mambo ya ajabu. Panzi mkubwa kuliko vunjajungu alipoingizwa, jike hakukimbia. Alifungua mabawa yake ghafula, akayasimamisha kama matanga, akainua kifua, akatanua mikono yake, na ndani ya mikono yakaonekana madoa meusi kama macho. Akatoa sauti ya mvumo kama nyoka aliyekasirika. Panzi, mwenye miguu ya kumrusha mbali, akabaki amesimama kwa hofu, na wengine hata wakasogea karibu. Ndipo mikono ile yenye meno ya msumeno ikamshika. Jike alianza kula shingoni, na Fabre akaielewa sababu. Windo lililoumwa shingoni halina nguvu tena ya kupigana. Mdudu aliyeonekana kama mwenye kusali alikuwa mwindaji mkali kama chui.

Kisha akaona jambo la kuhuzunisha. Majike aliowaweka pamoja katika kawa moja, ingawa chakula kilikuwa tele, walishikana na kulana wao kwa wao. Madume nao, walio wadogo na wembamba, waliliwa na wake zao baada ya arusi, na jike mmoja katika muda wa majuma mawili alikula waume saba. Habari hii ilienea ulimwenguni kote. Wataalamu waliofuata wameongeza jambo moja la haki. Jike aliyeshiba sana na asiyebughudhiwa mara nyingi humwacha mumewe aende zake, na dume aliyefungiwa hana mahali pa kukimbilia kama aliye porini. Fabre mwenyewe alifikiri kwamba huenda mambo yakawa mengine huko nje kwenye uhuru. Mfugaji na akumbuke hili. Vunjajungu hukaa peke yake, mmoja kwa kawa moja.

Mwezi wa Septemba majike walitaga. Fabre alikaa akitazama. Jike hutoa maji yenye kunata, akayapiga kwa ncha ya mkia wake kama mpishi apigavyo yai, hata yakawa povu, na ndani ya povu hupanga mayai safu kwa safu. Kwa muda wa saa mbili hivi kazi imekwisha, na povu hukauka likawa kifuko kigumu, urefu wake sentimita nne hivi. Hewa iliyomo ndani ya povu huyalinda mayai na baridi ya Ulaya. Vifuko vya namna hiyo mtoto wa Ugogo aweza kuviona vimeganda juu ya vijiti vya migunga na juu ya mawe wakati wa kiangazi, na asivitupe motoni kwa kudhani ni uchafu, kwa kuwa uzima umo ndani ukingoja mvua.

Majirani wa Fabre walikuwa na imani juu ya kifuko hicho. Walisema kwamba huponya maumivu ya meno ukikibeba mfukoni, na tena ukikipaka juu ya vidole vilivyovimba kwa baridi hupona. Fabre hakuwadharau, wala hakuwaamini bila kujaribu. Baridi ilipovimbisha vidole vyake na vya watu wa nyumba yake, walijipaka dawa hiyo, na hakuna aliyepata nafuu. Akaandika hivyo hivyo kama ilivyokuwa.

Mwezi wa Juni uliofuata mayai yakaanguliwa. Wadudu wadogo wakatoka kwa mamia, kila mmoja amevikwa ngozi nyembamba ambayo lazima aivue kwanza ndipo aweze kutembea. Katika dakika hizo za unyonge adui huja. Aliye mkubwa huwala panzi, na aliye mdogo huliwa na sisimizi na mijusi. Fabre alijaribu kuwalea wale waliosalia. Akawapa vidudu vidogo vya kwenye majani ya mawaridi, akawapa mbu wadogo, akawapa vipande vya nzi, hata akajaribu majani. Hawakula. Mmoja mmoja wakafa. Mtu aliyewajua wadudu kuliko watu wote wa zamani zake alishindwa kuwalisha watoto wale, na hakuficha jambo hilo. Aliliandika katika kitabu kile kile alimoandika ushindi wake, na kitabu hicho, cha tano katika vile kumi, kilitoka mwaka wa 1897.

Uzee wake ulikuwa na umaskini tena, kwa maana vitabu vyake vya shule havikununuliwa sana kama zamani. Lakini mwezi wa Aprili mwaka wa 1910, mwaka ule ule ambao reli ilifika Dodoma, watu wenye elimu walikusanyika Sérignan kumheshimu, na jina lake likavuma. Mwaka wa 1913 Rais wa Ufaransa, Raymond Poincaré, alikuja mwenyewe kumwamkia. Fabre alifariki tarehe 11 Oktoba, 1915, akiwa na umri wa miaka tisini na mmoja. Nyumba yake na lile pori lenye miiba vilinunuliwa na serikali mwaka wa 1922, na vimehifadhiwa hata leo.

Mtoto wa Dodoma atakaye kufanya kazi ya Fabre hahitaji kwenda Ulaya, wala hahitaji fedha. Kawa au chombo chenye kupitisha hewa, mchanga, kijiti cha kupandia chenye urefu wa kutosha mdudu aning'inie anapobadili ngozi, matone ya maji asubuhi, na panzi hai kila siku, hivyo vyatosha. Asimshike kwa nguvu, maana miguu yake huvunjika upesi. Asimweke pamoja na mwenziwe. Aandike katika daftari siku aliyomshika, alichokula, siku aliyobadili ngozi na siku aliyotaga. Asipoweza kupata panzi, amrudishe siku ile ile kwenye kijiti alichomtoa, kwa kuwa mnyama aliyefungiwa hana wa kumtegemea ila yule aliyemfunga. Na watu wakimwambia kwamba chungu kitavunjika, achukue chungu kwa adabu, akakiteke maji, akirudishe nyumbani, kisha aandike katika daftari lake yaliyotokea.